Kuitema Hasira: Asiyeamini na Waumini katika Historia ya Mjadala

Ni vigumu kupata katika Kiswahili neno lisiloegemea upande la kumtaja mtu asiyeamini kuwako kwa Mungu. Kafiri ni hukumu, na mpagani ni neno la misheni. Mkana Mungu, ambalo huonekana kuwa la wastani, lina mtego zaidi. Kitenzi kukana humhusu mtu anayekataa jambo analolijua: hukanwa deni, hukanwa mtoto, na Petro alimkana Bwana wake. Anayeitwa mkana Mungu amekwisha kushindwa kabla mjadala haujaanza. Makala haya, ambayo mwandishi wake ni miongoni mwa wasioamini, yanakusudia kuchunguza jinsi mazungumzo baina ya watu wa aina hiyo na waumini yalivyowezekana katika Afrika Mashariki. Hoja yetu ni kwamba heshima katika mazungumzo hayo haimo katika kunyamaza. Imo katika kusema wazi na kukubali kujibiwa.

Tuanze Taita. Grace Harris, aliyefanya utafiti huko mwanzoni mwa miaka ya 1950, alieleza katika kitabu chake Casting Out Anger (1978) kwamba dini ya jadi ya Wataita, Wutasi, ilipata jina lake kutokana na tendo la kutasa: mtu hupiga funda la pombe ya miwa au kinywaji kingine, akakitema kwa kunyunyiza huku akitamka maneno ya kuifukuza hasira na kuomba heri. Hasira iliyofichwa moyoni, iwe ya jamaa, ya mizimu au ya Mlungu mwenyewe, ndiyo iliyodhaniwa kuleta maradhi na ukame. Kwa hiyo swali kuu la Wutasi halikuwa mtu anaamini nini. Lilikuwa mtu ameweka nini moyoni.

Swali la pili lililetwa na misheni. Wamishenari wa Kianglikana walifika Sagalla mwaka 1883, na mapadre wa Roho Mtakatifu wakafika Bura mwaka 1892. Katekisimu ilimtaka kila mtu atamke imani yake kwa kinywa chake mwenyewe. Hapo ndipo ilipozaliwa pia nafasi ya kujibu "siamini". Asiyeamini wa leo, kwa maana hiyo, ni ndugu pacha wa mkatekumeni. Hata hivyo tusiipambe Wutasi kupita kiasi. Mantiki yake yenyewe inaonyesha kwamba aliyekataa kutasa angeweza kushukiwa kuwa na kinyongo. Kila jamii ina namna yake ya kumtilia shaka anayejitenga.

Shaka hiyo ilipewa sura ya kitaaluma na John Mbiti katika African Religions and Philosophy (1969), aliposhikilia kwamba dini hupenya kila sehemu ya maisha ya Mwafrika. Ikiwa ndivyo, Mwafrika asiyeamini ni mgeni kwao. Okot p'Bitek alipinga vikali katika African Religions in Western Scholarship. Alisimulia jinsi mapadre walivyowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Swali hilo lilipogeuzwa kuwa ni nani aliyewafinyanga, wazee walilitaja jina la Rubanga, roho iliyodhaniwa kuwapinda watu migongo. Jina hilo likachukuliwa kuwa la Mungu. Kisa hiki ni cha dhihaka, na msomaji muumini ana haki ya kuudhika. Lakini lengo la dhihaka si wazee. Ni wale walioshindwa kuwasikiliza.

Mfano ulio bora zaidi ni ule wa Machi 1970. Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo akiitwa James Ngugi, alialikwa kuhutubia mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki jijini Nairobi. Aliwaambia waziwazi kwamba yeye si mtu wa kanisa wala si Mkristo, kisha akalihoji kanisa kuhusu ushirika wake na ukoloni. Mzee mmoja alikwenda mbele kwa hasira akitikisa fimbo yake, akamtaka atubu, na akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe bado anabeba jina la Kikristo. Ime Ikiddeh alilisimulia jambo hili katika utangulizi wake wa kitabu cha Ngũgĩ, Homecoming (1972), na Ngũgĩ akaliacha jina la James. Mara nyingi wahakiki hulitaja tukio hili kama ushindi wa Ngũgĩ dhidi ya kanisa. Sisi tunalisoma vingine. Aliyeshinda kwa hoja alikuwa mzee, na fahari ya Ngũgĩ ni kwamba alikubali kushindwa.

Riwaya ya Kiswahili haikumpa asiyeamini bahati kama hiyo. Kazimoto, msomi katika Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi, huishia kujiua, na ni rahisi mno kwa mhakiki kulisoma shaka lake kuwa ndilo lililomwua. Bado tunamngoja mhusika asiyeamini ambaye anazeeka, analea watoto na kuzika majirani.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaubeba mvutano huu: dibaji yake inautambua ukuu wa Mwenyezi Mungu, ilhali kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa, na cha 32 kinalinda uhuru wa dhamiri. Chama cha wasioamini kiliandikishwa mwaka 2016, kikasimamishwa mwaka huohuo, na Mahakama Kuu ikakirudisha mwaka 2018. Lakini sheria haiwezi kumfundisha mtu wa Kishushe, chini ya milima ya Taita, aseme nini anapoombwa kufungua mkutano kwa sala mbele ya wazee waliomlea. Akisali, anawadanganya. Akihutubia dhidi ya sala, anawatukana. Anaweza kusema kwa upole kwamba yeye hasali, akamwomba mwingine aongoze, akasimama pamoja nao, na wakimwuliza sababu awajibu. Wutasi ingemwuliza jambo moja tu: je, hasira umeitema? Ni swali linalowahusu waumini vilevile.