Homa ya Vichakani na Funzo la Bonde la Kabaw

Historia ya vita huandikwa kwa majina ya miji iliyotekwa na mito iliyovukwa. Ni nadra kuandikwa kwa idadi ya askari waliolazwa kwa homa. Hata hivyo, mwaka 1943, Jenerali William Slim alipokabidhiwa Jeshi la 14 la Uingereza lililopigana na Wajapani huko Burma, alikuta kwamba kwa kila askari mmoja aliyeondolewa kwa majeraha, wengine 120 waliondolewa kwa maradhi. Jeshi lililo katika hali hiyo limekwisha kushindwa kabla ya kufyatua risasi.

Mwezi Agosti 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilikuwa ikisonga mbele katika Bonde la Kabaw. Humo walikuwamo askari wa keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, na wenzao wa Rhodesia ya Kaskazini. Miongoni mwa waliowahudumia walikuwamo wauguzi wa hospitali ya vita iliyotoka Kongo, nchi iliyotawaliwa na Ubelgiji kama ilivyotawaliwa Rwanda wakati huo. Mvua ilinyesha bila kukoma, magari yalizama matopeni, na bonde lile lilikuwa limekwisha kuitwa Bonde la Mauti. Sababu ya jina hilo ilikuwa malaria, na pamoja nayo homa ya vichakani, ambayo waganga huiita taifasi ya vichakani.

Homa hii huletwa na watoto wa utitiri, wadogo mno, wanaokaa majanini penye panya. Mtu akiketi au akilala hapo huumwa bila kuhisi. Baada ya siku kumi hivi hupata homa kali, kichwa kuuma na upele. Mara nyingi, ingawa si daima, pale alipoumwa huonekana kidonda kidogo chenye gamba jeusi. Haiambukizwi na mtu kwa mtu. Mwaka 1944 haikuwa na tiba wala chanjo, na mgonjwa alitegemea uangalizi wa wauguzi tu.

Kinga ilikuwa nidhamu. Nguo zilipakwa dawa ya kufukuza wadudu, na vichaka vilifyekwa penye kambi. Kuhusu malaria, Slim aliamuru askari wapimwe ghafla kuona kama kweli wamemeza vidonge, na makamanda watatu waliozembea waliondolewa kazini. Baada ya hapo vikosi vingine vilijirekebisha. Desemba 1944 Divisheni ya 11 ilivuka mto Chindwin. Ushujaa wa askari wale haukanushiki, lakini shujaa anayetetemeka kwa homa hawezi kuvuka mto.

Tiba ilipatikana vita vilipokwisha. Mwaka 1948, huko Kuala Lumpur, Joseph Smadel na wenzake walithibitisha kwamba dawa ya kloramfenikoli huponya homa hiyo. Siku hizi hutumika zaidi doksisiklini, ambayo ni ya bei nafuu. Lakini maradhi hayakwisha. Inakadiriwa kwamba watu milioni moja huugua kila mwaka, hasa barani Asia, na watu bilioni moja wanaishi penye hatari. Wengi hufa kwa sababu homa yao hudhaniwa kuwa malaria au homa ya matumbo, wakapewa dawa zisizofaa.

Wala si sahihi tena kusema kwamba ni maradhi ya Asia pekee. Mwaka 2006 aina yake nyingine iligunduliwa kwa msafiri aliyetoka Dubai, na baadaye vimelea vinavyofanana na hivyo vilionekana kwa utitiri wa panya huko Baringo, Kenya. Katika Maziwa Makuu yenyewe, ndugu yake, homa ya chawa, iliwashika makumi ya maelfu ya watu nchini Burundi mwaka 1997, hasa kambini mwa wakimbizi wa ndani, baada ya kuanzia katika gereza la Ngozi. Mwaka 2012 ilizuka nchini Rwanda, katika kituo cha kurekebisha vijana. Hiyo nayo huponywa na doksisiklini.

Funzo la Kabaw, basi, linamfikia hata askari wa jeshi au wa polisi aliyeko Mahoko, kwenye barabara itokayo Gisenyi. Kazi yake humlaza nyasini wakati wa doria, humpeleka magerezani, na humweka karibu na watu waliohamishwa makwao, kama ilivyotokea mto Sebeya ulipofurika mwezi Mei 2023. Mganga atampima malaria, na ni haki afanye hivyo. Lakini hatajua mgonjwa alilala wapi asipoambiwa. Askari mwenye homa aeleze alipokuwa wiki mbili zilizopita, aonyeshe kidonda hata kama hakimuumi, na mkuu wake asimwite mvivu kwa kwenda zahanati mapema. Nguo zifuliwe kwa maji ya moto, na majani yafyekwe kandokando ya mahema. Kazi hizi hazina nishani, lakini ndizo zilizopunguza makaburi ya Burma.