Louie Dampier, mfalme wa ligi iliyofungwa



Tarehe 11 mwezi wa 9 mwaka 2015, mutoto wetu wa Kinshasa, Dikembe Mutombo, aliingizwa mu Jumba la Heshima la baskete kule Springfield, Marekani. Siku ile wengi wetu tuliangalia yeye tu, na ilikuwa haki. Lakini siku ileile aliingizwa pia muzee mumoja wa miaka 70, jina lake Louie Dampier. Nani kati yetu anamujua? Karibu hakuna. Basi leo tuongee kidogo juu yake, ju historia yake inauliza swali nzito: ukitumika vizuri mu nyumba ambayo kesho itafungwa, nani atakuja kuhesabu kazi yako?

Dampier alizaliwa Indianapolis mwaka 1944. Alisoma Chuo Kikuu cha Kentucky, chini ya kocha Adolph Rupp. Mwaka 1966 alicheza finali ya vyuo vikuu. Kentucky ilikuwa ekipe ya wazungu watupu, na ilipigwa 72 kwa 65 na Texas Western, ambayo ilianza mechi na weusi watano. Mutombo yeye alizaliwa mwaka ule ule.

Mwaka 1967 ligi kubwa, NBA, ilimuchagua kupitia ekipe ya Cincinnati Royals. Lakini mwaka huo njo ilizaliwa ligi pinzani, ABA, na Kentucky Colonels ya muji wa Louisville ilimuita. Akaenda kwa hao wapya. Watu wa NBA walichekelea ile ligi: mupira wake ulikuwa wa rangi tatu, nyekundu, nyeupe na bluu, na uwanjani ilichora mustari wa mbali, ukifunga toka nyuma yake unapewa pointi tatu. Walisema ni michezo ya sarakasi.

Kwa Dampier mustari ule ulikuwa baraka. Alikuwa muchezaji wa nyuma, yule anayepandisha mupira na kuugawa, na urefu wake ulikuwa kama mita 1.83 tu. Kati ya wale majitu chini ya kikapu hakuwa na nafasi. Kwa hiyo alisimama mbali na kupiga. Musimu wa 1968-69 peke yake alifunga pointi tatu mara 199.

ABA iliishi misimu tisa. Dampier alicheza yote tisa, na yote mu ekipe moja. Mechi 728, pointi 13.726, pasi za kufungisha 4.044: mu mambo hayo yote matatu, yeye njo wa kwanza mu historia ya ligi ile. Na mwaka 1975, pamoja na Artis Gilmore na Dan Issel, alipata ubingwa, wakipiga Indiana Pacers mechi 4 kwa 1.

Kisha pesa ikaongea. Ligi mbili kugombania wachezaji kulipandisha mishahara, na wenye ekipe wakachoka. Mwaka 1976 walipatana: ekipe nne za ABA ziingie NBA, kila moja ilipe dola milioni 3,2. Ni Denver, Indiana, New York na San Antonio. Kentucky, bingwa wa mwaka uliopita, haikuwamo! Mwenye ekipe, John Y. Brown, tajiri aliyejulikana kwa biashara ya kuku wa kukaanga, alikubali karibu milioni 3 ili afunge. Wachezaji wakagawanywa: Gilmore kwenda Chicago, Dampier San Antonio. Pale alicheza misimu mitatu, akaacha mwaka 1979.

Sasa sikilizeni. Musimu ulioanza mwaka ule ule wa 1979, NBA ikachora mustari wa pointi tatu. Kumbe sarakasi ilikuwa nzuri! Lakini mwenye kuionyesha alikuwa amekwisha kwenda nyumbani, na mu vitabu vya NBA hesabu zake za ABA haziingizwi.

Na hata Mutombo wetu: ekipe iliyomupokea mwaka 1991, Denver Nuggets, ni moja ya zile nne zilizotoka ABA. Mulango alioupitia ulifunguliwa na watu kama hawa.

Ni mwaka 2022 tu ambapo NBA ilikubali kutoa dola milioni 24,5 kwa wazee wa ABA waliobakia, wengine wakiwa wagonjwa na maskini. Wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Bandugu, sisi wenye diploma tunapenda kuuliza mutu: "Ulitumika wapi?" Na jina la nyumba likiwa dogo, ao kama imefungwa, tunageuza uso. Labda tuanze kuuliza: "Ulifanya nini pale?" Dampier alingoja miaka 36 mpaka mutu amuulize vile.