Kipande Langoni: Demokrasia za Baada ya Kiama na Jiji la Johannesburg

Katika mchezo wa kompyuta uitwao Fallout 2, uliotolewa Marekani mwaka 1998, mchezaji hufika kwenye lango la mji ulio safi kuliko yote aliyoipitia njiani. Dunia imekwisha kuungua. Vita ya nyuklia ya mwaka 2077 imeifagia miji ya zamani, na hadithi yenyewe inaanza mwaka 2241, wakati wajukuu wa walionusurika wanajaribu kuyasimamisha upya yale ambayo babu zao waliyaangusha. Mji huo, Vault City, ulijengwa na wazao wa watu waliojificha katika handaki kubwa chini ya ardhi. Una maji yasiyo na sumu, una hospitali, una baraza na kiongozi mwenye cheo cha Raia wa Kwanza. Mgeni hapiti hivihivi. Huachwa uani pamoja na wachuuzi na walevi mpaka apate pasi ya siku. Akiingia anawakuta watu wanaotumikishwa bila hiari yao, na akiuliza kama hao ni watumwa, anaelezwa kwamba mji huu hauna watumwa. Hao ni watumishi.

Mwanafunzi mmoja katika semina yangu hapa Johannesburg, kijana wa Soweto, alituonyesha sehemu hiyo kwenye ukuta wa darasa, kisha akasema jambo lililonikaa kichwani. Alisema kwamba wachezaji wengi huiona Vault City kama fumbo la kifalsafa, ilhali yeye anaiona kama maelezo ya maisha ya bibi yake. Tulicheka, maana alilisema kwa utani. Baadaye, nikiwa peke yangu, niliona kwamba amesema jambo zito kuliko mihadhara yangu miwili iliyotangulia.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalo neno la pasi hiyo, nalo ni kipande. Nchini Kenya, kwa amri iliyotungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba hati yenye alama za vidole vyake na majina ya waajiri wake, akaitia katika kikopo cha chuma na kukining'iniza shingoni. Mwaka 1920 walowezi wa Kizungu walichagua kwa kura wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Kura na kipande vilifika Nairobi karibu kwa pamoja, na walowezi hawakuona mgongano wowote kati ya viwili hivyo. Kielelezo chao kilikuwa huku kusini.

Wachambuzi wa michezo hii, wanapozungumzia dosari za kimaadili za demokrasia zake, hukimbilia ufisadi. Mfano wanaoupenda ni Jamhuri Mpya ya California, dola inayoanza kama kijiji cha wakulima katika Fallout ya kwanza ya mwaka 1997 na kukua hadi kuwa taifa lenye bunge, katiba na jeshi. Rais wake katika mchezo wa pili ni Tandi, binti wa mwanzilishi, jina ambalo mtu wa Johannesburg hulisikia mara moja kama Thandi. Amechaguliwa na kuchaguliwa tena kwa miongo mingi. Katika Fallout: New Vegas ya mwaka 2010 jamhuri hiyo imechoka: matajiri wa mifugo (ng'ombe wenye vichwa viwili, kwa wasiojua) wanalishika bunge mfukoni, majenerali wanasaka sifa, na kodi zinawaumiza wanyonge. Yote hayo ni kweli, na yote yanaashiria kwamba tatizo ni watu wabaya walioketi katika viti vizuri. Lakini katika mchezo wa pili kuna jambo dogo ambalo mchezaji mwenye haraka hulipita. Sheria ya jamhuri inakataza utumwa. Zizi la watumwa lipo, nalo limejengwa nje ya ukuta wa mji mkuu, hatua chache kutoka langoni. Hakuna sheria iliyovunjwa hapo. Sheria imetii mpaka wake.

Kwangu mimi hapo ndipo penye dosari yenyewe, na historia ya jiji hili inaieleza kuliko mchezo wowote. Afrika Kusini ya kuanzia 1910 hadi 1994, kwa waliokuwa ndani ya daftari lake la wapiga kura, ilikuwa na mambo mengi tuyaitayo demokrasia. Chaguzi zilifanyika. Upinzani ulikaa bungeni. Helen Suzman, mbunge wa Houghton hapa Johannesburg, alisimama peke yake kwa niaba ya chama chake tangu 1961 hadi 1974, akiwauliza mawaziri maswali ambayo majibu yake yalilazimika kuchapishwa. Chama cha National kilipoingia madarakani mwaka 1948 kilikuwa na kura chache kuliko wapinzani wake, kikanufaika na mgawanyo wa majimbo uliowapendelea watu wa mashambani, na bado walioshindwa walikubali matokeo kama waungwana. Kilipotaka kuwaondoa Machotara wa Rasi katika daftari la wapiga kura, mahakama ya juu ilikizuia. Serikali ikaiongeza Seneti kutoka wajumbe 48 hadi 89, ikapata theluthi mbili iliyohitajika, na mwaka 1956 ikatimiza azma yake kwa utaratibu kamili. Msomaji atafakari kiasi cha bidii kilichotumika ili dhuluma ipitie mlango halali.

Bidii hiyohiyo ilitumika katika kuyapa mambo majina. Sheria ya mwaka 1952 iliyomlazimu kila Mwafrika aliyefikisha miaka 16 kubeba kitabu cha utambulisho iliitwa, kwa jina lake rasmi, Sheria ya Kufuta Pasi. Pasi zilifutwa, kikaja kitabu; watumwa hakuna, wapo watumishi. Watu wenyewe walikiita dompas, pasi ya kijinga. Mwafrika asiye na haki ya kukaa mjini hakuruhusiwa kuzidisha saa 72. Ili apate haki hiyo ilimpasa awe amezaliwa hapo na kuishi bila kukatiza, au amefanya kazi kwa mwajiri mmoja kwa miaka 10, au ameishi kihalali kwa miaka 15. Vault City nayo ina mtihani wa uraia, mgumu kiasi kwamba karibu kila mchezaji hufeli. Tofauti ni kwamba mchezaji aliyefeli anaweza kununua karatasi bandia uani, au kufyatua risasi, au kuuzima mchezo akalale. Mchezo humfanya daima kuwa mgeni wa kipekee, mwenye silaha na wakati wa kutosha, kwa hiyo humwonyesha lango bila kumfanya aishi mbele yake.

Demokrasia ya kubuni ilikuwepo hapa kwa maana iliyo halisi kabisa. Tarehe 26 Oktoba 1976 Transkei ilitangazwa kuwa nchi huru. Ilikuwa na bendera, bunge, waziri mkuu na wimbo wa taifa. Bophuthatswana ilifuata mwaka 1977, Venda 1979, Ciskei 1981. Hakuna dola duniani lililozitambua isipokuwa Pretoria, nazo zenyewe zikatambuana. Mtu aliyezaliwa Soweto, ambaye hajawahi kuiona Transkei hata kwa safari ya msibani, aliweza kuamka asubuhi hiyo akiwa raia wa huko na mgeni katika nyumba aliyozaliwa, kwa sababu tu ya lugha iliyosemwa na wazazi wake. Wanaoandika michezo ya kompyuta huhitaji wachoraji na waandaa programu. Hawa walihitaji wanasheria tu, na ulimwengu wao wa kubuni ukawa na polisi wa kweli.

Kuhusu Bophuthatswana kuna jambo ambalo siwezi kuliacha, hata kama linanitoa kidogo njiani. Afrika Kusini ya makaburu, yenye uchaji mkali wa Mungu, ilipiga marufuku kamari. Mwishoni mwa 1979 mfanyabiashara Sol Kerzner alifungua Sun City ndani ya Bophuthatswana, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka Johannesburg, na wapiga kura wacha Mungu wakaanza kumiminika huko kila mwisho wa juma kucheza kamari katika "nchi ya nje". New Vegas ya mchezo ni picha hiyohiyo: mji wa kasino unaojiita huru, nje ya mipaka ya jamhuri, ambamo askari na watalii wa jamhuri hufanya yale wasiyoyaruhusu kwao. Sidai kwamba watunzi walikuwa na Sun City akilini; wao wanayo Las Vegas yao. Nasema tu kwamba demokrasia yenye ukuta huhitaji zizi upande mmoja na kasino upande mwingine, nayo huviita vyote viwili ng'ambo.

Katika New Vegas yupo askari mstaafu, mlenga shabaha, ambaye hasemi mengi mpaka mchezaji ampeleke mahali paitwapo Bitter Springs. Hapo mwaka 2278 askari wa jamhuri walilifyatulia risasi kundi la watu waliokuwa wakikimbia korongoni, wakidhani ni wapiganaji. Walikuwa wanawake, watoto na wazee. Askari waliuliza, nao wakaamriwa waendelee. Hiyo ndiyo sehemu ya mchezo iliyo na uchungu wa kweli, kwa kuwa inakataa kumtafuta mwovu mmoja wa kumlaumu. Hata hivyo, hapo napo jamhuri inawekwa kando. Uchungu ni wa askari, na wapiga kura wako mbali, California, hawaonekani. Huku kwetu walionekana. Tarehe 21 Machi 1960, kusini mwa jiji hili, huko Sharpeville, polisi waliufyatulia umati uliokuja kukataa pasi, na kwa hesabu rasmi wakaua watu 69. Kabla ya katikati ya Aprili vyama vya ANC na PAC vilikwisha kupigwa marufuku. Tarehe 5 Oktoba ya mwaka uleule wapiga kura, wote Wazungu, waliitwa kuamua kama nchi iwe jamhuri. Asilimia 52 hivi walisema ndiyo. Mwaka uliofuata, katika uchaguzi mkuu, serikali iliyosimamia hayo ilirudishwa madarakani ikiwa na nguvu zaidi.

Ndiyo maana kiama katika michezo hii kinanitia shaka. Kiama ni udhuru. Mtunzi akiwaambia wachezaji kwamba bomu lilianguka, maji yakapungua na majangili wamejaa jangwani, ukuta na pasi huonekana kama mambo ya lazima, na swali la maadili linakuwa ni kiasi gani cha ukatili kinasameheka wakati wa dhiki. Johannesburg haikuangukiwa na bomu. Ilikuwa juu ya dhahabu. Tarehe 9 Februari 1955 malori na polisi waliingia Sophiatown kuwahamishia watu Meadowlands, na baada ya nyumba kubomolewa mtaa mpya wa Wazungu ukapewa jina la Triomf, yaani ushindi. Picha za vifusi vile zinaweza kuwekwa katika mchezo wowote wa baada ya kiama na hakuna atakayeshtuka. Kwa watu wa Sophiatown magofu hayakuitangulia jamhuri. Yaliletwa na bunge, kwa hoja iliyojadiliwa na kupigiwa kura.

Katama Mkangi wa Kenya, mwanasosholojia aliyewahi kutiwa kizuizini bila kushtakiwa, aliandika mwaka 1995 riwaya kuhusu jamii ya haki iliyo mbali angani. Jamii hiyo aliipa jina Walenisi, na msomaji wa Kiswahili hukawia kidogo kabla ya kuisikia sentensi iliyofichwa humo: wale ni sisi. Sijui riwaya ya baada ya kiama, wala mchezo, uliolitaja tatizo kwa silabi chache hivyo. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 inasema kitu cha aina hiyo katika utangulizi wake, kwamba nchi ni ya wote waishio ndani yake, maneno yanayorudi hadi Mkataba wa Uhuru uliopitishwa Kliptown, Soweto, mwezi Juni 1955.

Mwongozaji Neill Blomkamp, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa ateuliwe kuugeuza mchezo wa Halo kuwa filamu. Mpango ulipovunjika, yeye na Peter Jackson wakatengeneza badala yake District 9, iliyotoka mwaka 2009: viumbe wa sayari nyingine wamekwama juu ya jiji hili, na nchi iliyokwisha kuwa huru inawahamisha kwa nguvu, ikiwagongea milango ya mabanda ili watie saini hati za kufukuzwa kwao. Ilipigwa Chiawelo, Soweto, mwaka 2008. Mwezi Mei wa mwaka huohuo, kuanzia mtaa wa Alexandra, makundi ya watu yaliwavamia wageni kutoka nchi nyingine za Afrika. Waliouawa walikuwa 62, na theluthi moja hivi kati yao walikuwa raia wa Afrika Kusini waliodhaniwa kuwa wageni. Mtihani wa uraia ulifanyika barabarani. Mtu aliulizwa kiwiko cha mkono kinaitwaje kwa Kizulu.

Kule Yeoville, ambako Kiswahili cha Bukavu na Lubumbashi husikika kutoka sokoni hadi kwenye vinyozi, Mkongomani mmoja anayenikata nywele aliniuliza, wiki zangu za kwanza hapa, nimekwisha kujifunza maneno gani. Nikamtajia salamu tatu. Akaizima mashine, akanigonga kiwikoni kwa kitana. "Mwalimu, salamu zinangoja. Anza na hii: *indololwane*. Sema tena."