Kejeli ya Wanafunzi (Kisumu na Ufuko wa Ziwa Victoria)

Kejeli ya wanafunzi ni maandishi, nyimbo na maigizo ambayo vijana wa shule na vyuo huyatumia kuwasuta wenye mamlaka juu yao: mwalimu mkuu, mpishi wa bweni, serikali. Nchini Marekani sanaa hii iliingia kwenye karatasi mapema. Kisumu na ufuko wa Kenya wa Ziwa Victoria, imeishi zaidi mdomoni na jukwaani. Vipaji havikukosekana kamwe. Kilichokosekana ni mtambo wa kuchapa ulio mikononi mwa wanafunzi wenyewe.

Mfano wa Marekani unasaidia kuona tofauti. Chuo cha Harvard kilikumbwa na fujo za wanafunzi mwaka 1818, zilizoanzia katika ukumbi wa chakula. Mwaka uliofuata mwanafunzi Augustus Peirce alisoma utenzi wa kejeli kuhusu fujo hizo, The Rebelliad, mbele ya klabu ya wanafunzi walioshughulikia mashine ya zimamoto. Ulichapwa kuwa kitabu mwaka 1842. Katika miaka hiyo ya fujo klabu ya siri iliyojiita Med. Fac. ilikuwa ikitoa orodha za wahadhiri wa uongo kwa Kilatini cha mzaha, na hata ikamtunuku Mfalme Alexander wa Kwanza wa Urusi shahada ya bandia. Baadaye chuo kiliipiga marufuku. Yakaja majarida ya kudumu: Yale Record mwaka 1872, Harvard Lampoon mwaka 1876, Princeton Tiger mwaka 1882. Lampoon lilianzishwa na wanafunzi saba waliofuata nyayo za jarida la Punch la London, na bado linatoka.

Kwa Wajaluo wa ufuko wa ziwa, kijana alijifunza kusuta kabla hajaona kitabu. Katika siwindhe, nyumba ya bibi ambamo watoto walilala na kufundishwa, palikuwa na vitendawili, ngano na methali. Vijana wa rika moja walishindana kwa chuanyruok, mzaha wa kudhihakiana ambapo mshindi ni yule anayewachekesha wasikilizaji bila yeye kukasirika. Kwenye ngoma, pakruok iliwapa watu nafasi ya kujisifu kwa maneno ya ufundi, na katikati ya sifa ilikuwamo mikuki kwa wapinzani. Anayetafuta chimbuko la kejeli ya wanafunzi wa Nyanza, eneo la ufuko huu, aanzie hapa, kabla ya kufika kwenye maktaba ya shule.

Shule ya Maseno, iliyo kwenye mstari wa Ikweta kaskazini magharibi mwa Kisumu, ilifunguliwa na wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) mwaka 1906. Miaka miwili baadaye wanafunzi waligoma: walikuja kusoma na kuandika, wakakataa kutumikishwa kazi za mikono. Malalamiko yao hayakuwa mepesi kuliko yale ya Harvard, lakini vyombo vya uchapaji vilikuwa vya misheni. Kalamu ya wahitimu ilielekea kwenye madai ya kisiasa. Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, Gem, katika mkutano uliozaa Young Kavirondo Association chini ya Jonathan Okwiri, mwalimu aliyetoka Maseno. Hoja zao zilihusu kodi, kipande (pasi ya kazi ya kikoloni) na ardhi, nazo hazikuacha nafasi ya mzaha.

Uchapaji wa Waafrika wenyewe ulikuja katika miaka ya 1940. Jaramogi Oginga Odinga, aliyewahi kusoma na kufundisha Maseno, aliongoza Luo Thrift and Trading Corporation, iliyomiliki kiwanda cha Ramogi Press. Achieng Oneko, naye wa Maseno, aliliongoza gazeti la Ramogi kwa Kidholuo. Mtambo ulikuwa umepatikana, ila ulikuwa wa watu wazima na wa harakati za uhuru. Mwanafunzi alibaki na ubao wa matangazo wa klabu ya uandishi wa habari, ambako kila ukurasa hupita kwanza mikononi mwa mwalimu mlezi. Kejeli ikishapitishwa na yule inayemlenga, hubaki vichekesho tu.

Vyuoni mambo yalikuwa makali zaidi. Januari 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki, walimwalika Odinga, wakati huo kiongozi wa upinzani, awahutubie. Serikali ilimzuia, wanafunzi wakagomea masomo, chuo kikafungwa, na mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o akajiuzulu kazi ya uhadhiri. Mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana watatu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, waliunda kikundi cha Redykyulass na kumwigiza Rais Daniel arap Moi angali madarakani. Hawakuhitaji karatasi; sauti na mwendo vilitosha.

Ngome halisi ya kejeli ya wanafunzi ni tamasha la kitaifa la maigizo, lililoanza mwaka 1959. Shule hushindana kuanzia ngazi za chini hadi kitaifa kwa tamthilia, mashairi na masimulizi. Kesi inayojulikana zaidi inatoka Butere, mwisho wa tawi la reli litokalo Kisumu. Mwaka 2013 tamthilia ya Shule ya Wasichana ya Butere, Shackles of Doom, kuhusu ugavi wa mali ya taifa usio wa haki, ilizuiwa; mwanaharakati Okiya Omtatah akaenda mahakamani na marufuku ikaondolewa. Mwaka 2025 shule hiyohiyo ikaja na Echoes of War, kuhusu vijana na watawala katika nchi ya kubuni. Nayo ilizuiwa, lakini Mahakama Kuu iliamuru ichezwe. Kwenye tamasha la kitaifa huko Nakuru, Aprili 10, polisi walifyatua vitoa machozi, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Tamthilia zote mbili ziliandikwa na mtu mzima, mwanasiasa Cleophas Malala. Hata hapa mwanafunzi alipewa sauti kuliko kalamu.

Miswada mingi ya tamasha haichapwi kamwe, na tamasha likiisha hupotea. Shule za Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori na Busia ziikusanye na kuipeleka katika maktaba za kaunti, majina ya walioiandika, wakiwamo wanafunzi, yakiwa juu ya ukurasa wa kwanza.