Kuku na sungura shuleni: faida kwa mtoto na masharti ya kuwafuga

Mtoto wa Simiyu haanzi kumjua mnyama akiwa darasani. Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega ni wilaya za wafugaji na wakulima wa pamba, na mtoto wa miaka saba mara nyingi anawajua ng'ombe wa kwao mmoja mmoja kwa rangi zao. Ndiyo maana mzazi akisikia shule inataka kufuga kuku au sungura huuliza: si amechunga vya kutosha nyumbani? Shuleni aende kusoma.

Swali hilo ni la haki, na makala haya yanalijibu. Kwa ufupi, mnyama wa shule ana faida akiwa sehemu ya somo. Akigeuka kuwa kazi tu, mtoto hapati kitu kipya.

Wazo hili lilianzia wapi?

Katika nchi kama Marekani na Uingereza, walimu wengi huweka mnyama mdogo ndani ya darasa: samaki kwenye chombo cha kioo, sungura, au simbilisi, yaani mnyama mdogo anayefanana na sungura asiye na masikio marefu. Madarasa yetu mengi yamejaa na hayana nafasi ya kizimba. Kwetu kinachofaa zaidi ni banda dogo karibu na darasa.

Kwa Tanzania jambo hili si geni. Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Alitaka kila shule iwe na shamba au shughuli ya uzalishaji, wanafunzi washiriki kupanga, na wayaone mahesabu ya walichozalisha. Shule nyingi zikafuga na kulima. Lakini sehemu nyingi mambo yalipinda: wanafunzi walilima bila kufundishwa lolote, shamba likawa mahali pa adhabu, na mavuno hawakujua yalikwenda wapi. Wazee wengi waliosoma miaka hiyo bado wanalikumbuka hilo, na wasiwasi wao unaeleweka.

Mfano mwingine ulianzia Dar es Salaam mwaka 1991. Mtafiti wa sokwe wa Gombe, Jane Goodall, alikutana na wanafunzi 12 nyumbani kwake, na hapo ukazaliwa mpango wa vijana wa Roots & Shoots, unaoshughulikia mambo matatu: watu, wanyama na mazingira. Umesambaa katika nchi nyingi duniani. Zipo pia klabu za 4-H mashuleni, ambazo huwafundisha watoto kilimo na ufugaji kwa vitendo.

Mtoto anapata nini asichokipata nyumbani?

Kwanza, anajifunza kuangalia na kuandika. Nyumbani kuku anaatamia kwenye kona na vifaranga wanatokea siku moja. Shuleni darasa linaweka tarehe. Yai la kuku huanguliwa baada ya siku 21, la bata wa kawaida siku 28. Siku ya saba, mwalimu akiweka yai mbele ya tochi ya simu katika chumba chenye giza, wanafunzi wataona mishipa midogo ya damu ikiwa yai lina kiini hai. Lisilo na mbegu litaonekana jeupe tu. Mtoto aliyeona hivyo kwa macho yake hahitaji kukariri maana ya uzazi wa ndege.

Pili, hesabu zinapata maana. Kuku aliwekewa mayai 12, yakaanguliwa 9. Hiyo ni asilimia ngapi? Vifaranga wakibaki 6 baada ya mwezi, asilimia ngapi wamekufa, na kwa nini? Kuku sita wakila kilo moja ya chakula kwa siku mbili, gunia la kilo 50 litawafikisha wapi? Mtoto anayechoka na namba za ubaoni mara nyingi huamka namba zikiwa za kuku anaowajua.

Tatu, wasichana nao wanapata nafasi. Katika kaya nyingi za mkoa wetu ng'ombe na mbuzi ni kazi ya wavulana, na maji na jiko ni kazi ya wasichana. Zamu za banda la shule hazina haja ya kufuata mgawanyo huo. Msichana anajifunza kutibu na kuchanja, mvulana anajifunza kufagia na kuteka maji.

Nne, mtoto mkimya anapata pa kuanzia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 nchini Australia uliwaangalia watoto wenye usonji wakiwa na wenzao darasani. Walipokuwa na simbilisi wawili, watoto hao walizungumza zaidi, waliwatazama wenzao zaidi na walitabasamu zaidi kuliko walipopewa vitu vya kuchezea. Mnyama hamcheki mtoto anayekosea. Hata mtoto asiye na ulemavu, lakini mgeni, mwenye aibu au anayeogopa kusoma kwa sauti, anaweza kupata rafiki wa kwanza kupitia zamu ya kulisha sungura.

Tano, elimu inarudi nyumbani. Mfano mzuri ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Ugonjwa huu unaweza kuua karibu kuku wote wa kaya kwa siku chache, na hauna tiba. Chanjo ipo. Ile iitwayo I-2 huzalishwa hapa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), na inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, ingawa haitakiwi kuwekwa juani. Kuku mzima hupewa tone moja kwenye jicho moja, na chanjo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kuku ambaye tayari anaumwa haponi kwa chanjo. Mtoto aliyeshika kuku siku ya chanjo shuleni ataweza kumweleza bibi yake kwa nini kuku wa mwaka jana walikwisha.

Mnyama gani anafaa?

Kuku wa kienyeji ndiye rahisi kuanza naye. Majike watano na jogoo mmoja wanatosha somo. Wakihesabiwa kuku watano kwa kila mita moja ya mraba, banda la mita mbili kwa mita moja linawatosha. Liwe na paa lisilovuja, hewa ipite, na mlango ufungwe usiku, maana vicheche, kenge na nyoka wote hufuata kuku na mayai.

Sungura anafaa kwa kuwa ni mpole na huzaa haraka: hubeba mimba kwa siku 30 hivi. Watoto wake huzaliwa bila manyoya wakiwa wamefumba macho, na hufumbua baada ya siku kama kumi. Lakini sungura hawezi joto. Mchana wa kiangazi banda lake lazima liwe chini ya mti. Dume na jike wakae mbalimbali, la sivyo idadi itaishinda shule. Wanafunzi wafundishwe kumbeba kwa kumshika mgongoni na kumkinga chini. Kumnyanyua kwa masikio kunamuumiza.

Mbuzi, ng'ombe na nguruwe wanahitaji malisho, maji na nguvu nyingi. Shule isianze nao.

Mnyamapori haruhusiwi. Mkoa wetu unapakana na Serengeti na una Pori la Akiba la Maswa, hivyo hutokea mtoto akaokota mtoto wa swala, kobe au kakakuona akampeleka kwa mwalimu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumfuga bila kibali. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au kwa askari wa wanyamapori wa TAWA.

Chakula: tahadhari kwa wakulima wa pamba

Kuku wa shule wanaweza kulishwa mtama, pumba za mahindi, mabaki ya chakula na majani mabichi. Sungura hupenda majani ya viazi vitamu na nyasi. Lakini kuna mambo mawili ya kuangalia hapa kwetu.

La kwanza ni viuatilifu. Msimu wa kupulizia pamba, mtoto asikate majani ndani wala kando ya shamba la pamba. Sumu iliyoangukia majani inaweza kumuua sungura, na mtoto anayeyashika naye yuko hatarini. Makopo ya dawa yaliyokwisha yasigeuzwe vyombo vya kunyweshea, hata yakioshwa.

La pili ni mashudu ya pamba. Ng'ombe mkubwa anayamudu, lakini mbegu ya pamba ina sumu ya asili ambayo huwadhuru kuku na sungura wakila kwa wingi. Kuku wa mayai wakiyala, kiini cha yai kinaweza kubadilika rangi. Mashudu ya alizeti ni salama zaidi kwao.

Afya ya watoto

Kuku, hata akionekana mzima, anaweza kubeba vijidudu vinavyoleta kuhara. Kinga yake ni rahisi: ndoo ya maji ya bomba na sabuni iwekwe mlangoni mwa banda, kila mtoto anawe akitoka, na chakula kisiliwe bandani. Mtoto mwenye pumu au anayevimba akigusa manyoya apewe kazi ya kuandika daftari badala ya kufagia. Mayai yapikwe mpaka yaive kabisa.

Mbwa na paka wasiwe wanyama wa darasa ikiwa hawana chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, takribani watu 4 katika kila 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto chini ya miaka 15. Mtoto aking'atwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Asisubiri kuona kama mbwa atakufa. Somo hili peke yake linatosha kuwa sababu ya shule kuzungumza juu ya wanyama.

Masharti sita kabla ya kuanza

1. Kikao cha kamati ya shule na wazazi kikubali, na kiandikwe kwenye muhtasari.

2. Ajulikane nani anawahudumia wanyama Jumamosi, Jumapili na likizo. Hapa ndipo miradi mingi hufa. Mnyama hajui kwamba shule imefungwa.

3. Maji yawe ya uhakika. Kiangazi, pale watoto wanapotembea mbali kutafuta maji ya kunywa, shule isiongeze mdomo mwingine bila kujua atakunywa nini.

4. Zamu iwe fupi, dakika 15 au 20, nje ya muda wa vipindi, na izunguke kwa wote. Banda lisitumike kama adhabu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto kazi inayodhuru afya au makuzi yake.

5. Daftari la hesabu liwe wazi. Mayai mangapi yametagwa, mangapi yameliwa, mangapi yameuzwa, fedha imekwenda wapi. Wanafunzi wenyewe waliandike na lisomwe mbele ya wazazi kila muhula. Mwalimu au mjumbe akichukua kuku bila kuandikwa, mradi umekufa hata kama kuku wamebaki.

6. Mnyama apate haki zake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili. Mambo ya kukagua ni matano: asiwe na njaa wala kiu, asikae pabaya, asiachwe na ugonjwa au maumivu, asitishwe, na apate nafasi ya kufanya yanayoendana na maumbile yake. Kuku aparue ardhi, sungura aruke.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Je, shule itapata fedha nyingi? Hapana. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kama 40 hadi 60 kwa mwaka. Majike watano watatoa sabuni, daftari na mayai ya watoto wadogo mara mojamoja. Shule inayotafuta mradi mkubwa wa fedha ipange mradi tofauti.

Mnyama akifa tufanyeje? Watoto waelezwe ukweli. Wasimle wala kumtupa porini. Azikwe shimo refu au achomwe, na afisa mifugo wa kata aitwe ikiwa wamekufa zaidi ya mmoja. Kisha darasa lirudi kwenye daftari kutafuta sababu.

Kuku wa shule wakichinjwa, watoto hawataumia moyoni? Watoto wetu wanajua mifugo huliwa. Tatizo huja pale walipoambiwa ni rafiki wa darasa, kisha wakamkuta chunguni. Semeni tangu mwanzo yupi ni wa kufugwa na yupi ni wa kuuzwa au kuliwa.

Pa kuanzia

Mzazi au mwalimu anayetaka kuanza asianze na banda. Aanze na kuku mmoja anayeatamia, hata wa kuazima kwa jirani, kikapu chenye nyasi kavu, na daftari moja. Kwa siku 21 darasa liangalie, lihesabu na liandike. Mwisho wa siku hizo walimu na wazazi watakuwa wameona kama zamu zinafuatwa, kama maji yanapatikana na kama watoto wanajifunza. Hapo ndipo kikao cha kamati kiamue juu ya banda, na afisa mifugo wa kata aalikwe kwenye kikao hicho.