KUANZA UPYA SI AIBU

Katika kuadhimisha miaka 10 ya kikundi chetu tumeona tukumbushane tulikotoka.

Hapa Old Moshi kahawa ilikuwa ya baba. KNCU ilipoanzishwa mwaka 1933, mama alipalilia na kuchuma, lakini hela hakuzishika. Vyake vilikuwa ndizi na maziwa. Mwaka 1989 mgawo wa kahawa duniani uliposimamishwa, bei iliporomoka. Basi, ile mikungu tuliyobeba hadi Kiboriloni ndiyo iliyonunua madaftari.

Katika KNCU hiyohiyo alifanya kazi ya ukarani Bi. Lucy Lameck, mzaliwa wa Moshi mwaka 1934. Alikuwa amesomea uuguzi, akauacha. Baadaye akarudi darasani, Uingereza na Marekani, akaingia Bungeni, akawa naibu waziri. Alifariki mwaka 1993. Hakuona aibu kuanza upya.

Nasi tulianza na kibati. Mwaka wa tatu marejesho yalikwama, wengine wakasema tugawane tuachane. Tulisali. Sala haikulipa deni, jamani, ila ilituketisha pamoja mpaka tukapanga upya. Bibi zetu wakajifunza kufuma sweta, wajane wakafuga kuku, deni likaisha.

Sheria za ardhi za 1999 zilimpa mwanamke haki sawa na mwanamume. Miaka 10 ijayo tuhakikishe haki hiyo inafika hadi kihambani.

Mungu atubariki sote.