Jina la Kiwanuka Kwenye Nyasi za Bluu: Mjukuu wa Jaji Aliyeuawa na Amin na Gemu ya Boise 2005

Mwambie kijana yeyote wa Ndundu, aliyezoea kubanana kwenye kibanda umiza kuangalia Simba na Yanga, kwamba kuna mechi ya wanafunzi wa vyuo inayorushwa laivu nchi nzima na haina pointi hata moja ya ligi. Atakuuliza, sasa wanagombea nini? Swali zuri. Wamarekani wenyewe wanalibishania kila Desemba.

Mechi hizo wanaziita bowl, yaani bakuli. Jina limetokana na viwanja vyenye umbo la bakuli, na maarufu kuliko vyote ni Rose Bowl wa Pasadena, California, uliofunguliwa 1922. Mechi ya kwanza kabisa mjini hapo ilipigwa kabla ya uwanja huo kuwepo, Januari 1, 1902, Michigan ikaitandika Stanford 49-0. Mpangilio ni rahisi: msimu wa vyuo ukiisha, timu zilizofanya vizuri zinaalikwa mbili mbili, kila jozi na mji wake, gemu moja tu, mshindi anabeba kombe na kurudi darasani. Ifikirie kama Kombe la Mapinduzi la Zanzibar, lile la mwaliko la kila Januari, ila liwe na fainali peke yake. Halafu majina yanauzwa kwa wadhamini. Bakuli la mji wa Boise, jimbo la Idaho, limewahi kuitwa kwa jina la kampuni ya kompyuta, MPC Computers. Siku hizi linaitwa kwa jina la viazi. Ndiyo, viazi mviringo.

Desemba 28, 2005, hapo hapo Boise, walikutana wenyeji Boise State na Boston College. Kwenye orodha ya wachezaji wa Boston kulikuwa na jina ambalo mtu wa Kampala akilisoma lazima asimame kwanza: Mathias Kiwanuka.

Mashabiki wa Marekani walimjua kama beki wa pembeni, kazi yake kumfuata mrushaji wa timu pinzani na kumlaza chini kabla hajaachia mpira. Alizaliwa Indianapolis mwaka 1983, wazazi wake ni Waganda. Kwa mashabiki wengi habari yake iliishia hapo. Kwetu huku ndipo inapoanzia.

Babu yake ni Benedicto Kiwanuka. Huyu mzee alikuwa kiongozi wa chama cha DP, akashinda uchaguzi wa 1961, na Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Hakukaa. Mwezi uliofuata tu ukapigwa uchaguzi mwingine, muungano wa Obote ukachukua nchi, na uhuru wa Oktoba ukapokelewa na mtu mwingine. Mwaka 1969 serikali ya Obote ikamtia ndani. Amin alipopindua nchi mwaka 1971 akamtoa, akamfanya Jaji Mkuu. Ukiitazama leo unaona mtego, lakini wakati ule wengi Kampala walishangilia.

Tatizo ni kwamba mzee aliichukua kazi kama kazi. Septemba 1972 mahakama yake iliamuru Mwingereza mmoja aliyekuwa ameshikiliwa na wanajeshi aachiwe. Ni mwezi ule ule wapiganaji wa Obote walivamia Uganda kutokea Tanzania, na Amin alikuwa anamuona adui kila kona. Septemba 21, watu wenye silaha wakamfuata Jaji Mkuu mahakamani kwake, mchana kweupe, wakamtoa na kumuingiza kwenye gari. Hakurudi tena.

Huku kwetu wengi tunamjua Amin kupitia vita vya Kagera, kupitia babu na wajomba waliobeba bunduki mwaka 1978 na 1979. Familia ya Kiwanuka ilikuwa imeshalipa miaka sita kabla.

Turudi Boise. Uwanja wa Boise State una nyasi bandia za bluu, tangu 1986. Si utani wala si filta, ni bluu kabisa, na wageni wanachanganyikiwa. Wenyeji walikuwa wameshinda mechi 31 mfululizo hapo nyumbani. Ngome.

Boston wakaingia wakawasha moto, bao juu ya bao, mpaka ubao ukasoma 27-0. Mtu mwenye akili zake angezima TV. Ila Boise wakaanza kupindua meza. Wakafunga moja, wakafunga ya pili, na dakika za jioni Boston wakapiga teke refu la kuondoa hatari. Jamaa mmoja wa Boise akaudaka karibu na mstari wake mwenyewe na kukimbia nao yadi 92 hadi mwisho. Ukitaka kuipima mbio hiyo, Daraja la Mkapa hapo Ndundu, lililotuondolea foleni ya pantoni mwaka 2003, lina urefu wa karibu mita 970. Jamaa alikimbia mita 84 hivi, chini kidogo ya sehemu ya kumi ya daraja, huku watu kumi na moja wakitaka kumvunja mbavu. 27-21.

Na bado wakaupata mpira tena. Wakasogea, wakasogea, mpaka mlangoni kabisa. Sekunde za mwisho mrushaji wao akaachia mpira wa ushindi, beki wa Boston akauiba ndani ya eneo la kufungia. Kwisha habari. Rekodi ya mechi 31 ikafa hapo hapo, kwenye mechi isiyo na pointi.

Kwa Mathias hiyo ilikuwa mechi ya kufungia misimu minne ya chuo, 2002 hadi 2005, na katika misimu yote hiyo Boston College ilishinda bakuli lake. Mshahara? Hakuna. Sheria za wakati ule zilimpa mchezaji masomo na malazi, hela za matangazo zikaenda kwingine. Ni 2021 tu ndipo wanafunzi waliporuhusiwa kuingiza pesa kupitia majina yao. Na tangu 2016 baadhi ya mastaa wanaosubiri kwenda NFL wameanza kuyakwepa kabisa mabakuli, wanaogopa kuumia bure. Huwezi kuwalaumu.

Aprili 2006 New York Giants wakamchagua Kiwanuka mzunguko wa kwanza, mtu wa 32. Akapata pete mbili za Super Bowl, ya 2008 na ya 2012. Ile ya kwanza hakugusa mpira siku ya fainali, mguu wake ulikuwa umevunjika tangu Novemba.